Kamera Ilichagua Keki

Mie sina subira na mtu anayesema kupiga picha ni kubonyeza tu. Haya, njoo ubonyeze wewe basi. Kamera ukiiachia ijichagulie yenyewe cha kufokasi, mara nyingi inashika kilicho karibu nayo: ua la plastiki, mkono wa shangazi, chupa ya soda mezani. Bi harusi yuko nyuma ya soda, kafifia, na mama yake utamweleza nini?

Dawa yake ni kuchagua mwenyewe. Ukichungulia kwenye kamera yangu utaona kimraba kidogo chekundu. Nakisogeza kwa kidole gumba mpaka kikae juu ya jicho la mtu. Jicho likitoka safi, picha imetoka. Sikio likififia hakuna atakayeuliza. Nilifundishwa hivyo Chang'ombe, kwenye studio ya kaka mmoja aliyekuwa akinigombeza kutwa nzima, na namshukuru mpaka leo.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Jumamosi mchana, sendofu huko Segerea. Binti aliyekuwa anaagwa alinipigia simu wiki moja kabla. Hakuuliza habari ya albamu wala video. "Dada," akasema, "ishu yangu ni moja tu. Baba." Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa suti, aliyependa kupigwa picha kuliko watoto wake wote. Mwaka uliotangulia alipata kiharusi, uso na mkono vikalegea upande mmoja. Tangu hapo hakutaka kamera yoyote, hata ya simu. Ukimwelekezea anageukia ukutani. Kwa ajili ya binti yake alikuwa amekubali apigwe mara moja, wakati wa kulishwa keki, basi.

Nikamjibu asijali, hiyo niachie mimi. Loh, mtu na mdomo wake!

Ukumbini wakaanza kuingia kwa kucheza, mashangazi mbele, marafiki wa sare nyuma. Watu wakicheza huwezi kumfukuza kila mmoja na kimraba, kwa hiyo nikaiachia kamera ichague yenyewe. Hapo sikukosea. Kosa langu ni kwamba walipomaliza kucheza nilisahau kuirudisha.

Ikafika keki. MC akazima muziki. Baba akainuka, na hakuinuka hivi hivi: alishika ukingo wa meza kwa ule mkono mzima, mkewe akamdaka kiwiko, ukumbi wote kimya unamsubiri. Binti akapiga magoti, akainua kipande cha keki, baba akainama akakipokea kwa mdomo. Vigelegele! Nikapiga nne. Mzee akarudi kuketi, jasho linamtiririka.

Nikaangalia kwenye kioo cha kamera. Mungu wangu! Keki. Picha zote nne keki imetoka safi, hata punje za sukari unaziona, na nyuma yake uso wa baba ni ukungu mtupu.

Nikaanza kujidanganya kwamba nikifika kwenye kompyuta nitazirekebisha, wakati najua fika kompyuta haiwezi kunirudishia uso ambao kamera haikuushika. MC alishaanza kuwaita akina mama wakubwa. Ningeweza kunyamaza. Ningesema baadaye bahati mbaya, na nani angejua? Lakini binti alikuwa ananiangalia, nyusi juu, ananiuliza bila sauti. Nikatikisa kichwa. Jamani, uso wa yule mtoto ulivyoporomoka sitausahau.

Nikaenda meza kuu nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maneno yake yalitoka polepole, moja moja.

"Baba, naomba unisamehe. Nimeharibu. Kamera imechagua keki, wewe imekuacha."

Mkewe akanitolea macho, nikajua leo natolewa nje mbele za watu. Mzee akanitazama mie, akaitazama keki.

"Hata mimi," akasema, "ningechagua keki."

Mkewe akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akaongeza kwamba kusimama tena hasimami. Nikamwambia akae hivyo hivyo, mie ndiye nitakayeshuka. MC akatangaza kwamba mpiga picha hajashiba, watu wakacheka, na mie nikacheka nao kwa aibu.

Nikachuchumaa. Safari hii nikakishika kimraba mwenyewe. Tunafundishwa kushika jicho lililo karibu na kamera, na lililokuwa karibu ni lile lililolegea. Nikakisogeza hadi kwenye lile lingine, maana ndilo lililokuwa bado linacheka. Binti akamlisha. Nikabonyeza mara moja tu, nikaogopa kuangalia, nikaangalia.

Alhamdulillahi. Kope moja moja unaiona. Niliketi palepale chini kwenye zulia, pumzi ikanitoka yote, sikujali nani ananiona.

"Lete nione," mzee akasema.

Binti akakakamaa, na mie pia. Hilo halikuwamo kwenye makubaliano. Lakini unamnyima vipi mtu sura yake? Nikamwekea kamera mapajani, nikaikuza picha. Upande uliolegea ulikuwepo, sikuuficha, na keki ilikuwa imemganda kwenye masharubu. Akaangalia muda mrefu. Mkewe akaacha kucheka. Binti akamshika goti.

Mzee akafuta masharubu kwa kitambaa, akavuta koti la suti likakaa sawa mabegani. Akamwonyesha mkewe kiti cha kulia kwake, na binti kile cha kushoto. Wakakaa haraka haraka kabla hajabadilisha mawazo. Nikapiga. Nikasema asante baba, imetosha, tusikuchoshe.

"Rudia," akasema. "Hiyo nimefumba macho."

Hakuwa amefumba. Nikarudia.