Debe Chini ya Kapeti

Juzi jirani alikuwa akiziba mashimo ya bodi ya gari lake kwa puti. Harufu kali ya puti ilipoingia jikoni kwangu, nilimnyakua mtoto wangu sakafuni kabla sijajua ninafanya nini.

Baba hakuwa fundi, alikuwa mkulima wa viazi kule Dundori. Alinunua gari lililogongwa, sakafu yake ya nyuma imeliwa na kutu, akasema atalitengeneza mwenyewe. Alikata debe la mafuta ya kupikia, akalibandika juu ya shimo kwa puti, akapaka rangi nyeusi na kutandika kapeti.

"Hiyo itashika kweli?" Mama aliuliza.

"Mama watoto, hapo hata ndovu atasimama."

Jumapili tukashuka nalo kwenda kanisani. Kwenye kiti cha nyuma nilikuwa na mdogo wangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nikamsimamisha katikati ya magoti yangu. Tulipogonga tuta, debe liling'oka na kapeti ikazama naye mpaka kiunoni. Nilibaki nimeshika sweta yake kwa mikono miwili, lami ikikimbia chini ya miguu yake. Akalia kwa nguvu.

Baba akasimamisha gari. Mama alimvuta mtoto, akamvua viatu, akahesabu vidole vyote. Baba aliinama akachungulia lile shimo.

"Lakini rangi imeshika," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka hayo maneno nataka kumpiga mtu. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukapanda kilima kwa miguu kurudi nyumbani. Baba alitufuata polepole na hilo gari lake, na kila alipopiga honi, Mama aliongeza mwendo.