Somo Wangu Anameza Dawa Yangu

(Aliyetuletea barua hii ameomba tufiche jina lake na la kijiji anakoishi. Tunaiweka mbele yenu kama ilivyo.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne. Kwetu ni Muyama, nimeolewa huku milimani upande wa Kasulu na sijajaliwa mtoto. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, jirani yangu ni mwanamke aliyekimbia vita Burundi, akaolewa hapa. Jina letu la ubatizo ni moja, kwa hiyo tunaitana somo. Yeye naye hajapata mtoto, na huko alikotoka hakubaki mtu wa kumrudia.

Kiangazi kilichopita waume zetu walituruhusu twende hospitali ya misheni tukapimwe. Asubuhi ile mama mkwe wangu alinisimamisha uani.

"Mwanangu," akasema, "tasa tumemvumilia. Mgonjwa hatumwezi. Wakikukuta na ugonjwa, usirudi hapa. Pitiliza hadi kwa baba yako."

Hospitalini mpimaji alitupa kila mmoja kichupa cha kutilia mkojo. Akabandika plasta, akaandika jina tu, basi. Hakuuliza jina la baba wala la kijiji. Kichupa changu kilikuwa kimemeguka mdomoni, kikanikwaruza kidole. Tukakaa kwenye benchi mkabala na mlango wake, tukimtazama akichanganya mkojo na dawa ya buluu, kisha akichemsha. Mmoja ulibaki buluu vilevile. Wa pili ukageuka, ukawa mwekundu kama tofali la kuchoma. Kando ya ule mwekundu niliona kichupa kilichomeguka mdomo.

Akaita jina letu. Tukaitika sote, "Abee!" Akacheka. "Haya, mapacha, shikeni." Somo akapewa karatasi ya juu, mimi ya chini. Daktari akaniambia mimi ni mzima. Somo akaambiwa mkojo wake ndio uliogeuka mwekundu, ana ugonjwa wa sukari, akapewa vidonge.

Ilikuwa niseme neno moja tu: "Bwana, hebu pima tena." Yule mpimaji hakuwa mtu mbaya, naamini angepima. Lakini nilikumbuka maneno ya uani, nikaikunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Njiani somo alilia sana, na mimi nikawa nambembeleza. Nisikieni vizuri, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Siku hizi nakunywa maji hayanitoshi. Chooni siishi kwenda, na nguo zote zinanipwaya. Mume wangu anadhani ni kazi za shamba. Mimi najua ni nini. Lakini anayemeza vidonge ni somo. Nyumbani kwa mumewe wamemkataza asali, ndizi mbivu, hata uji wa kushiba. Kisimani wanawake hawapokei kata kutoka mkononi mwake, wanadhani sukari inaambukiza. Nami nasimama palepale na ndoo yangu.

Juzi tulikuwa tunapalilia maharage. Nikamwona ameacha jembe, anatetemeka, jasho linamtiririka na jua lenyewe halikuwa kali. Akaanguka. Hakuzimia kabisa, ila maneno yalikuwa hayaeleweki. Nilikuwa na ndizi mbivu kikapuni, nikammenyea, nikamlisha kidogokidogo. Haukupita muda mrefu, akakaa.

"Somo, umenipa kitu kitamu?"

"Nimekupa."

"Usimwambie mtu. Watasema nataka kujiua." Akanishika mkono, akaung'ang'ania. "Huku sina mama, sina dada. Nina wewe tu. Imana ikurinde."

Alinitakia ulinzi wa Mungu, mimi! Sikuweza kumtazama usoni. Nilishika jembe nikaendelea kulima, nikawa nakata na maharage yenyewe.

Sasa mumewe anasema kuanguka kule ni ugonjwa umezidi, dawa lazima iongezwe. Mimi niliona ndizi ilivyomwinua, najua ni vile vidonge vinavyommaliza sukari mwilini. Mwezi ujao anampeleka tena hospitali. Wote wawili wameniomba niwasindikize, maana nikiwepo, wanasema, somo hutulia.

Nimewahi kuomba, nimepiga magoti kabisa, wampime upya wagundue wenyewe, mimi nisitajwe. Halafu naona aibu hata kwa dua hiyo. Nikisema, nitarudi Muyama na mgongo mtupu na ugonjwa juu. Nisiposema, ile dawa itamuua mtu asiye na kosa, na ugonjwa wangu utaniua mimi taratibu.

Mlio mama zangu na dada zangu, msinifichie ukali, nastahili. Nianze kwa mume wangu, kwa mpimaji, au kwa somo mwenyewe? Nikianza kwake, nimwambie kwa mdomo gani? Nijibuni kupitia ukurasa huu kabla hawajaja kunipitia twende hospitali. Nifanye nini?