Panga la Tatu

Asubuhi ile ya mwisho haikuwa na dalili yoyote. Mkewe aliamka kabla yake kama kawaida, akafungua dirisha la jikoni, akatoa mkono nje.

"Leo unasukuma," alisema.

"Nani?"

"Upepo, nani mwingine? Wewe umeacha kusukuma siku nyingi."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Mkewe akampiga mgongoni, akamwambia anywe polepole, chai haina miguu. Akaosha vikombe. Akasema anajinyoosha kidogo, kifua kimembana. Mchana fundi alipokwenda kumwamsha, hakuamka.

Waliokuja kumzika walimwita Bi Upepo. Waliotoka mbali walidhani ni utani wa mtu mwenye maneno mengi. Sivyo. Alikuwa mwendesha mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu inayotoa umeme kule mwinukoni, nje ya mji. Misingi ya minara hiyo aliimwaga mumewe, fundi wa zege. Mume anashughulika na chini, mke anashughulika na juu. Walitaniwa sana kwa hilo.

Fundi hakusoma. Kazi ya mkewe aliielewa mezani, kwa kiganja.

"Nipulizie hapa," mkewe alimwambia siku moja, akikisimamisha kiganja chake mbele ya mdomo wa mumewe. Fundi akapuliza. "Umeona? Panga likikaa hivi, kifua wazi, upepo wote unalipiga, na anayebeba ni mnara. Nikiligeuza ubavu kidogo, upepo unateleza. Nikigeuza mno, umeme hakuna. Nisipogeuza, mnara unachoka."

"Ndiyo maana nikija na hasira unageuka ubavu?"

"Nalinda msingi, fundi."

Ukaja msimu wa upepo mkali. Mnara wa mwisho kwenye safu ukaanza kutikisika, na chini, karibu na boliti, zege likaonyesha ufa. Msimamizi alikuja na tochi, akainama, akasema neno moja: "Zege." Kufika mchana neno lilikuwa limefika getini, nalo limeongezewa mkia. Zege bovu.

Fundi aliitwa ofisini. Akaambiwa arudi kesho, mhandisi atakuwepo. Ikithibitika, mnara utashushwa, na yeye asitie mguu pale tena. Fundi anaishi kwa jina. Likichafuka, hata banda la kuku hapewi ajenge. Alirudi nyumbani, akakitazama chakula, akakisukuma pembeni. Mkewe alikuwa amepita kidogo kabla ya kurudi zamu ya jioni.

"Ulichanganya vizuri?" aliuliza.

"Wewe unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza ili nisikie kwa mdomo wako."

"Nilichanganya vizuri."

"Basi."

Akatoka. Yaliyofuata fundi aliyajua baadaye. Mkewe hakwenda kwenye kiti chake, alikwenda mnarani, akaweka kiganja kwenye chuma. Mtikisiko ule haukuwa wa kitu kilicholegea. Ulikuwa teke. Kila mzunguko teke moja, upande uleule. Akaomba mtambo usimamishwe, mapanga yote yageuzwe ubavu. Akarudi nyuma na darubini wakati jua bado lipo. Mapanga mawili yalionyesha ukingo, membamba kama kisu. La tatu lilionyesha tumbo kidogo.

La tatu lilikuwa jipya, lilibadilishwa kabla ya msimu. Panga jipya huja na alama mbili shinani: moja ya kufungia minyororo ya kreni, moja ya kuanzia kupima pembe. Siku ya kulifunga, aliyekuwa juu alisema redioni, "Alama imekaa." Yeye, kwenye chumba cha mitambo, akabonyeza kitufe, mashine ikashika kwamba pembe inaanzia hapo. Hakuuliza alama ipi, nayo ilikuwa ile ya minyororo. Tangu hapo panga lile likawa linageuka pamoja na wenzake, ila daima pembe yake imepishana kidogo na yao. Likawa linausukuma mnara upande mmoja, mzunguko kwa mzunguko, mpaka zege likasalimu amri.

Kumbe zege la mumewe lilipasuliwa na kidole chake.

Angeweza kuirekebisha pembe kimyakimya. Mtikisiko ungeisha, ufa ungebaki na mwenye zege.

Asubuhi, fundi amesimama mbele ya mhandisi na msimamizi, kofia mkononi, mkewe aliingia bila kubisha hodi.

"Ule ufa ni wangu," alisema, akaeleza yote, alama zote mbili.

"Bi Upepo," msimamizi akasema, "naona unamtetea baba watoto."

"Nimtetee kwani kanioa leo? Njoo nje utazame panga."

Wakatoka, wakatazama. Mhandisi aliishusha darubini, akamwendea fundi, akampa mkono. Msimamizi yeye aliendelea kutazama juu, kama aliyedondosha kitu mawinguni.

Pembe ilirekebishwa, ufa ukajazwa, mnara ukabaki umesimama. Mkewe aliondolewa chumba cha mitambo siku ileile, akapelekwa getini kupokea wageni. Alikaa huko mpaka msimu mwingine wa upepo ndipo wakamrudisha. Hakunung'unika. Ila redio ya mlinzi ikikoroma tu, alikuwa anageuka.

Jioni ya siku ile ya ofisini walirudi kwa miguu. Fundi alikuwa na mengi kifuani, mengine ya shukrani, mengine ya hasira. Usiku wa jana yake walikula sahani moja na kulala kitanda kimoja, mmoja anajua, mwingine hajui. Katika yote yale alichomoa moja.

"Jana ulirudi umeshajua. Mbona hukuniambia?"

Mkewe alisimama.

"Ningekwambia, ungenikataza," alisema. "Na mimi jana, fundi, nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza."