Bata Aliyezuia Meza ya Bwana

Ningeanza kwa kusema haki ya Mungu haya ni kweli tupu, lakini sisi Wamenonite hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo, hapana yetu ni hapana, basi. Kwa hiyo nisadikini tu: hapa Kisangani, enzi zile za Stanleyville, nilikaribia kukosa mume kwa sababu ya bata mmoja mweupe.

Tulikuwa jamaa chache, watu wa Kasai waliofuata kazi. Tulisali katika karakana ya shemasi wetu, seremala, wanaume upande wa mbao, wanawake upande wa dirisha. Mkubwa wa kuamuru hakuwepo. Likitokea jambo, wote wanakaa, wote wanasema, mpaka wote wakubali, na kwa kuwa mama yangu alikuwa mmoja wa hao wote, mambo yalichukua muda. Mchungaji alikuja kutoka Kasai mara moja kwa mwaka. Alibatiza, alifungisha ndoa, alituongoza kwenye Meza ya Bwana, mkate na kikombe, kisha akapanda meli akaenda zake.

Kwetu mtoto mchanga habatizwi. Anangojewa akue, achague mwenyewe. Mchungaji alipenda kutusimulia jinsi wazee wa imani yetu, zamani huko Ulaya, walivyotoswa mtoni mpaka wakafa kwa ajili ya jambo hilo. Kila mwaka mama alisikiliza, na kila mwaka aliuliza kama wale watu hawakuwa na jirani wa kuwaficha.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikwisha kuchagua: Yesu, halafu fundi mmoja wa reli kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Kazi ilikuwa inamhamishia Ponthierville mwisho wa mwezi. Nyumba ya kazi ilikuwepo, ila alipewa mwenye mke tu. Bila ubatizo hakuna ndoa ya kanisa, na bila ndoa ya kanisa papa, baba yangu, hangeniacha nivuke hata mto. Ilikuwa nibatizwe Jumapili ile ya Meza au ningoje mwaka mzima, na wasichana wa Ponthierville nasikia hawakuwa na tabia ya kungoja.

Sasa bata. Mama alikuwa na bata mweupe, na mke wa shemasi, jirani yetu, naye alikuwa na bata mweupe. Mvua kubwa ikanyesha, bata mmoja akapotea. Aliyebaki alikula kwa mama shemasi na kulala kwetu. Kila mmoja alisema huyu ndiye wake. Mzee mmoja Mwislamu wa Maniema, jirani mwema, aliwashauri waape wote wawili, yaishe. Tukamweleza kwamba hatuapi. Alitutazama kwa huruma sana.

Mama akasema ndiyo, bata ni wake. Mama shemasi akasema ndiyo, bata ni wake. Hapo ndipo kanisa zima lilipokwama, kwa maana kwetu Meza haitandikwi kama watu wawili wamegombana. Jumamosi mchungaji alituuliza mmoja mmoja kama tuna amani na watu wote.

«Miye niko na amani,» mama alisema. «Mwenye hana ni ule pale.»

«Amani yangu iko mingi,» mama shemasi akajibu. «Bata ndo sina.»

Mchungaji akafunga kitabu. Akasema kama ni hivyo kesho hakuna Meza, na ubatizo pia hakuna. Nikasimama, msichana asiyebatizwa, mbele ya wazee, nikasema waoshane miguu leo leo, kama Bwana alivyofanya, na beseni nitaleta mimi.

Wote walikubali, safari hii upesi. Lakini mama na mama shemasi walitoka mbio kila mmoja kwake. Walikwenda kuosha miguu. Nani akubali adui amkute na miguu michafu? Tulingoja karibu saa nzima, mchungaji ameshika taulo, mpaka wakarudi nyayo zimesuguliwa kwa jiwe na kupakwa mafuta ya mawese, zinang'aa.

Mama shemasi akapiga magoti, akashika mguu wa mama. Ila nilichokijua mimi, yeye hakukijua: mama hutekenyeka vibaya. Alibana midomo. Alitazama juu. Kidole kilipofika katikati ya wayo, akapiga ukelele, akarusha mguu, na maji yote ya beseni yakamwishia mama shemasi kifuani. Kisha mama shemasi, akiwa amelowa chepechepe, akamshika tena mguu na kumtekenya kwa makusudi. Wakacheka mpaka wakalala chini kwenye takataka za randa, wamekumbatiana, na mimi nikalia kwa furaha.

«Bata ni yako,» mama akasema.

«Ata kidogo. Ni yako, chukua.»

«Nimesema ni yako!»

Mchungaji aliona sauti zinapanda tena. Akaamua haraka kwamba bata ataenda na bibi arusi.

Nikabatizwa Jumapili, nikaolewa Jumatatu, nikapanda treni na mume mmoja na bata mmoja. Wiki ya tatu tulimla, kwa pondu, yale majani ya muhogo. Posho ilikuwa imechelewa, na tusidanganyane, alikuwa mtamu sana.

Barua za mama, ambazo shemasi alimwandikia, zilianza kila mara na swali moja: bata ni mzima? Nikajibu ndiyo. Mwaka mzima nilijibu ndiyo.

Nilipojifungua, walikuja wote wawili kuniona. Walishuka kwenye treni wameshikana mikono, na katikati yao kikapu cha mahindi yaliyopondwa, chakula cha bata. Hata mtoto hawakumtazama kwanza.

«Bata iko wapi?» mama aliuliza.

Nikamtazama mume wangu, naye akatazama reli.

«Haki ya Mungu, mama,» nikasema, «alikimbia.»