Mshale Upande wa Kulia

Enzi zetu kule Ukambani, mtoto aliyetaka cha kuchezea alikitengeneza. Kikivunjika alilia kidogo, kisha akatengeneza kingine. Tulikata fito mbichi, tukasokota katani juu ya mapaja mpaka ngozi ikawasha, tukapata upinde. Mishale ilikuwa mabua ya mtama. Jumamosi mmoja wetu alibingirisha boga bovu kutoka juu ya mteremko nasi tukalilenga likipita, tukalikosa wote, halafu tukagombana ni nani aliyelikosa kwa karibu zaidi. Jioni ilikuwa muthokoi wa moto, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na Mwaitu, yaani mama yetu, akipiga kelele, “Mikono hiyo! Mnakula au mnapaka sahani matope?”

Kufundishwa hatukufundishwa. Baba alikuwa na upinde wa kweli, wa kiume. Alisimama uani, sisi tukikaa nyuma yake, akavuta, akaachia, akaingia ndani. Somo limekwisha.

Haya yote yalikuwa yamelala kichwani mwangu mpaka miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, Doha, nilipokuwa nikitengeneza kompyuta za ofisi moja na kupanga chumba mtaa wa Al Mansoura. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa Mchina aitwaye Lin, mtu mpole aliyependa kitu kimoja tu duniani: pinde za kale za Asia. Alikusanya picha za Wachina, Wamongolia na Wakorea, akapima, akachonga, akajaribu. Kidole gumba chake kilivaa pete ya pembe. Aliniambia wazee wa kwao walivuta uzi kwa gumba, na mshale ukakaa upande wa kulia wa upinde, tofauti na Wazungu wanaovuta kwa vidole na kuuweka kushoto.

Ijumaa moja alinipeleka kwenye ukumbi wa mazoezi ya kulenga shabaha, akanipa upinde. Sijui niseme nini. Mikono ilifanya yenyewe: gumba likakamata uzi, mshale ukatua kulia. Lin alikaribia kuanguka.

“Nani alikufundisha?”

“Baba.”

“Wakamba wanavuta kama sisi!”

Nilivimba kichwa wiki nzima. Msomi mimi, nikaanza kuwaza misafara na wafanyabiashara wa kale, labda babu yangu alionana na babu yake mahali. Lin aliniomba jambo moja: nithibitishe nyumbani, ili auhifadhi mvuto wa baba yangu, yaani namna yake ya kuvuta upinde, pamoja na ile mingine. Baba alikuwa ameshafariki. Upinde wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Kama mimi nisingesema sawasawa, basi mkono ule ulikuwa umekwisha.

Nikampigia dada yangu Mwende.

“Gumba?” akacheka. “We Musyoka, joto la huko limekuingia. Baba alivuta kwa vidole. Na mshale ulikuwa kushoto.”

“Ulikuwa kulia! Nauona mpaka sasa!”

“Basi uone vizuri.”

Ndugu yetu mdogo alisema ulikuwa kulia, lakini kwa vidole. Sasa tulikuwa na baba watatu. Kichwa kikaniuma. Nikampigia Mwaitu.

“Nyinyi watoto,” akasema, “kwani hamkujua baba yenu ni wa mkono wa kushoto?”

Hatukujua! Kula alikula kwa wa kulia, kama alivyolazimishwa. Upinde peke yake ndio alioushika alivyozaliwa, na kwa mtu wa kushoto mshale hukaa kulia. Mwende aliugeuza akilini ukawa kama wa watu wote. Mimi niliuweka kulia kama nilivyouona, lakini nikavuta kwa mkono wangu wa kulia, na vidole vya kulia huusukuma mshale wa upande huo udondoke.

“Mshale ukawa unakuanguka kila mara,” Mwaitu akaendelea. “Ukalia. Halafu ukaanza kushika uzi kwa gumba, mshale ukatulia. Nikamwambia baba yako amrekebishe mtoto. Akasema, ‘Mwache. Mshale si unaenda?’”

Misafara yangu yote ya kale ikafia hapo. Jumapili nikamweleza Lin kwa aibu kwamba hakuna mvuto wa Wakamba, kuna kosa la mtoto mmoja. Akaizungusha pete yake kidoleni.

“Kwetu hakuna aliyekuwa akipiga upinde tena,” akasema. “Mimi nimejifunza kwa picha. Wewe ulikuwa na mtu wa kumwiga vibaya.”

Mpaka leo sijaelewa kama alinipongeza au alinililia. Wanangu sasa wanajifunza kila kitu kwenye simu: gitaa, kupika, hata kufunga tai. Wanapatia siku ya kwanza, nami nazeekea pembeni bila kazi. Nikiwatazama namkumbuka baba, amesimama mlangoni, ananiona nikikosea, ananiacha. Simu inawaonyesha kila kitu. Haiwaoni.