Mama Akiinua Mkono

Kabla mtu yeyote hajaniita DJ, niliitwa msichana wa mitambo. Cheo hicho nilijipa mwenyewe siku ya harambee ya kanisa letu kule Mutuini, nikiwa kidato cha pili. Mama, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alisimama kuhutubia, na maikrofoni ikaanza kupiga mbinja. Fundi aliyeletwa pamoja na spika alikuwa amekaa kando akitafuna mahindi. Mbinja ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikavumilia. Ya tatu nikainuka, nikampita yule fundi, nikazungusha vifundo mpaka kelele ikafa na sauti ya Mama ikatoka safi. Fundi akanikodolea macho, mimi nikamkodolea yangu. Nina hasira za karibu, na nitasema mapema kwamba karibu kila hatua niliyopiga katika kazi hii niliipiga nikiwa nimekasirika.

Tangu siku hiyo, harusi, mazishi, shukrani ya mtoto aliyefaulu mtihani, mimi ndiye niliyekaa nyuma ya mitambo. Na mitambo ya Mutuini ina sheria moja. Mama mtu mzima akiinua mkono, muziki unakatwa. Haupunguzwi, unakatwa papo hapo, kwa sababu mkono ukiinuka maana yake ni maombi. Siku moja nilichelewa, na maombi ya chakula yakaanza juu ya bezi nzito. Mama hakunigombeza. Aliniangalia tu, wiki nzima, kwenye chai, kwenye zizi, kila mahali. Baada ya hapo mkono wangu ulijifunza kukata muziki bila kuniuliza.

Jambo jingine la kwetu lazima nilieleze sasa. Mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake hupiga ngemi, yaani vigelegele, mara tano. Wa kike, mara tatu. Sisi tuko wasichana wanne, mvulana hakuna, na mimi ndiye kitinda mimba. Nyanya alizoea kusema, huku akicheka, kwamba boma letu halijawahi kusikia cha nne. Wote walicheka. Mimi nilikuwa nanuna.

Nilipomaliza shule nilipata kazi katikati ya jiji, Luthuli Avenue, kwenye duka la spika. Ukitaka kujua masikio yako yana nguvu kiasi gani, kaa mlangoni pale saa tano asubuhi. Kushoto wanapiga injili, kulia rege, mbele yako mtu anajaribu spika mpya kwa nyimbo za mapenzi, na wewe unatakiwa kumsikia mteja akiulizia kebo. Nilijifunza kushika mdundo mmoja katikati ya mitatu na kutouacha. Kisha mteja mmoja akaja na flashi yake ili ajaribu wufa, ile spika ya bezi. Hakukuwa na mwimbaji wala gitaa. Ulikuwa mdundo tu, dum, dum, dum, dum, na juu yake sauti ndogondogo zikiingia moja baada ya nyingine, kila moja ikijua zamu yake. Nilisimama na kebo mkononi. Mwili wote ulinisisimka. Yule mteja aliuliza bei mara tatu kabla sijamsikia.

Nilianza kufanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, kwenye mashine kuukuu ya kuchanganyia muziki iliyokuwa imewekwa dirishani kama pambo. Boss, mzee mpole ambaye adui yake pekee duniani ni vumbi, aliniruhusu kwa sharti kwamba niipanguse kila nikimaliza. Baadaye nikahamia Kileleshwa, kwenye chumba kimoja nyuma ya gorofa, nikawa nachanganya muziki na hedifoni masikioni huku nikicheza peke yangu, na mama wa nguo aliyefua pale nje akadhani nina mapepo. Baadaye mkahawa mmoja wa juu ya paa, huko huko mjini, ukanipa Jumamosi alasiri. Mara ya kwanza watu walipoacha sahani zao wakasimama kucheza, nilitaka kupiga kelele. Nadhani nilipiga.

Mama hakuelewa. Nilimpelekea muziki wangu kwenye simu, nikamsimamia akiusikiliza huku akikatia ng'ombe majani ya napia kwa ile mashine yake ya kuzungusha kwa mkono. Alisikiliza kwa heshima, dakika tano nzima. Kisha akauliza, kwa lile jina lake la kunibembeleza:

"Mami, na hii wimbo inaanza saa ngapi?"

"Mum, ilianza kitambo."

"Aa. Mimi nangoja mtu aimbe."

Kisha Boss akaamua kufungua duka jingine Nakuru. Alinitaka mimi nikalisimamie, na alitaka jibu Jumatatu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimealikwa kupiga muziki Jumapili mchana kwenye bustani kubwa Kitisuru, mbele ya umati ambao sikuwahi kuuona ukikusanyika kwa muziki wa aina yangu. Hamu ya Kitisuru ilikuwa hainipi usingizi. Lakini Mama alikuwa tayari amewatangazia akina mama wote wa kikundi kwamba msichana wake anaenda kuwa meneja.

"Hiyo ya Nakuru ni kazi," aliniambia kwenye simu. "Hiyo ingine ni kubonyeza."

Hasira ikapanda. "Basi kuja unisikie Jumapili. Mara moja tu! Ukishanisikia, chenye utasema ndio nitafanya. Ukisema Nakuru, naenda Nakuru."

"Sawa," akajibu haraka mno. "Nikitoka kanisa nakuja."

Nilijuta kabla sijaweka simu chini. Kwenda Nakuru kulikuwa na maana ya kuuacha muziki. Siku sita kwa wiki nyuma ya kaunta, mbali na kila mtu aliyenijua, ningechanganya muziki saa ngapi? Lakini nilikuwa nimeshaahidi, na kwetu ukimwahidi Mama umemaliza.

Jumapili jua lilikuwa limewaka vizuri. Bustani ile ilikuwa na nyasi laini za kukufanya utake kuvua viatu, na vijana walikuwa wamevaa miwani mikubwa na rangi zote walizozipata. Saa tisa na nusu Mama akaingia langoni na suti yake ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Akachagua kiti cha plastiki karibu na ua, akaweka mkoba magotini, akauzungushia mikono yote miwili. Kijana mmoja mwenye nywele za kijani akampelekea soda.

"Sasa, mathe! Karibu."

"Asante, kijana. Umekula lakini?"

Nikaanza. Vidole vilijua kazi. Dakika ya kumi watu walikuwa wamejaa mbele. Dakika ya ishirini hakuna aliyekuwa amekaa isipokuwa Mama, na kila nikimtazama niliona kitambaa kile kimetulia tuli. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani na woga, vyote kwa wakati mmoja.

Nilikuwa na kitu nilichokificha. Miezi kadhaa nyuma, nyumbani, niliirekodi ile mashine ya napia Mama akiwa anaizungusha: kra-ta-ta, kra-ta-ta, na kila mzunguko mlio mwembamba wa gurudumu linalolilia grisi. Niliutengenezea ngoma. Sikumwambia mtu. Sasa nikauingiza polepole, chini kabisa ya mdundo, kisha nikaupandisha. Kra-ta-ta. Umati ukaupenda kabla ya kuujua, ukaanza kuruka nao.

Nikaona kitambaa cheupe kimegeuka. Mama akasimama. Mkoba ukaanguka kwenye nyasi. Akainua mkono.

Nikakata muziki.

Sikufikiri. Mkono wangu ulikata wenyewe, katikati ya wimbo, kileleni, watu mia kadhaa wakiwa bado hewani. Walitua kwenye ukimya. Nilisikia ndege kwenye miti. Mwanadada aliyenialika alinijia mbio: "Nini mbaya? Stima imepotea?" Ningeanzaje kumweleza? Kwamba pale nyuma kuna mama ameinua mkono? Uso ulikuwa unawaka moto, na nilijua mwisho wangu ni Nakuru.

Watu wakageuka kutazama ninakotazama. Mama alikuwa bado ameinua mkono, kama mwanafunzi anayelijua jibu, na kwenye ukimya ule sauti yake ilifika kila kona bila maikrofoni:

"Hiyo ni mashine yangu! Hiyo ni mashine yangu ya kukata napia! Hata hiyo kilio ya gurudumu naijua!"

Bustani ikalipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakampisha njia. Yule wa nywele za kijani akapaza sauti, "DJ, rudisha mashine ya mathe!" Mama akajitazama, akatazama umati, akagundua kwamba wote wanamngojea yeye. Nilidhani ataona haya na kuketi. Badala yake alirudisha kichwa nyuma, akapiga ngemi.

Moja. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Mtu wa kazi yangu huhesabu hata akiwa usingizini, na kwa msichana hesabu naijua. Mbili. Sauti ya Mama ilikuwa ndefu na kali, sijawahi kuisikia hivyo hata kwenye harusi za dada zangu. Tatu. Haya, zamu yangu, nikasema moyoni, na kidole kikaanza kushuka.

Mama akavuta pumzi, akapiga cha nne.

Kidole kikasimama. Akapiga cha tano, kirefu kuliko vyote, akinitazama mimi. Nililia pale pale mbele ya watu, na kamasi juu, sifichi. Kisha nikabonyeza, mashine ya napia ikarudi na ngoma nzima nyuma yake, na sijawahi kuona watu wakiruka vile.

Jioni nilimkuta langoni akipangusa nyasi kwenye mkoba.

"Mum, umepiga tano."

"Ni hiyo ngoma yako. Ilinipoteza hesabu."

Huyu ni mama ambaye amehesabu viti na sahani za kila mazishi ya Mutuini kwa miaka, na hakuna kijiko kilichowahi kumpotea. Alifunga zipu ya mkoba taratibu, kisha akasema, bila kunitazama:

"Kesho umwambie huyo mzee asante. Lakini uko na kazi."

Jumatatu nilimwambia Boss asante, siendi Nakuru, na dukani pia ninaaga. Alisikitika, akaniuliza ni nani sasa atakayeipangusa ile mashine ya dirishani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Mutuini, nimekaa jikoni nakunywa chai, jirani alipokuja na kopo la grisi. Mama alikuwa amemwomba aje alainishe lile gurudumu la mashine ya napia tangu mwaka uliopita. Nilimsikia akifungua kopo. Halafu nikasikia viatu vya Mama vikikimbia uani.

"Wacha! Wacha hiyo kitu vile iko," alimwambia. "Hiyo ni ya kazi ya msichana wangu."