Shati la Sebit na Shimo Jeusi

Swadiki Amandu alikuwa na kanuni moja darasani: linalojulikana aliliita linalojulikana, na linalodhaniwa aliliita linalodhaniwa, hata kama wanaodhani ni wanazuoni wakubwa. Mwanafunzi aliyechanganya hayo mawili alisimamishwa na kuulizwa, "Nani ameona?"

Alifundisha fizikia katika sekondari moja ya Arua na kupanga chumba mtaa wa Awindiri, ukuta mmoja na Constantino Yangi, mkimbizi kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza samaki wakavu sokoni. Jioni Constantino alileta kigoda chake uani, Swadiki akaleta chai, na mazungumzo ambayo yangeweza kuwa ya bei za samaki yakawa ya mashimo meusi, yaani nyota kubwa zilizoporomoka ndani yake zenyewe hata mwanga usiweze kutoka.

"Sasa kitu ikiingia huko, inaenda wapi?" Constantino aliuliza.

Swadiki alimweleza kwa mfano wa ghala. Ghala la mtama hubeba kadiri ya ukubwa wa tumbo lake. Shimo jeusi sivyo. Hesabu zinaonyesha kwamba habari za vyote vilivyomezwa, kila chembe ilikuwaje na ilikaaje, kiasi chake hufuata eneo la ngozi ya nje, kana kwamba ghala lingebeba kadiri ya udongo uliokandikwa ukutani. Ndiyo maana wapo wanaodhani kwamba yaliyo ndani yameandikwa yote juu ya ngozi ile, na kwamba hata uvutano wenyewe ni kama kivuli cha maandishi hayo. Tena shimo likiyeyuka polepole kwa mionzi hafifu, wengi wanaamini habari zile hutoka nayo. Hazipotei.

"Wanaamini," Swadiki alirudia. "Hakuna aliyeona."

Constantino alichukua neno moja tu akaenda nalo kulala: hazipotei.

Mwanawe Sebit alipotea njiani walipokimbia vita. Mama yake, Poni, alikuwa amengoja vya kutosha. Ndugu zake wa Lurujo, upande wa Koboko, walikubali kuanua matanga ya kijana bila mwili, shati lake lizikwe mahali pake. Constantino akakataa kulitoa shati.

"Mwalimu anasema hakuna habari inapotea," alimwambia mkewe. "Mnazika namna gani mutu ambaye habari yake iko?"

Poni akaenda kwa Swadiki. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Mwalimu, hiyo shimo yako imemeza bwana yangu. Kuja Lurujo, utoe yeye."

Swadiki akaenda. Watu walikuwa wameketi kwa Moris, kaka yake Poni, askari mstaafu, karibu na ghala lililokandikwa upya.

"Huyu ndiye profesa ya mashimo?" Moris aliuliza. "Sisi jeshini tulichimba mingi sana, hakuna mutu alituita profesa."

Wakacheka, hata Poni. Constantino hakucheka. Shati lilikuwa magotini pake.

"Ndugu yangu Swadiki," alisema, "ambia hawa watu. Habari ya mutu inapotea ama haipotei?"

Swadiki alilijua jibu lililotakiwa. Lilikuwa fupi, na nusu yake huenda ilikuwa kweli. Wengi wangelitoa na kuliita huruma. Lakini mzazi akishalishwa jibu la namna hiyo, atalishwa tena kesho, na mwenye kulisha atazoea.

"Wengi wanadhani haipotei," alisema. "Hakuna aliyeona. Na hata ikiwa kweli, ni sawa na kulichoma shati hilo na kusema limo katika moshi. Hesabu itakubali. Lakini hakuna atakayeukusanya moshi akalivaa. Hesabu hiyo haimrudishi Sebit, kaka. Wala haisemi kama amekufa au yu hai. Hilo silijui."

"Basi jioni zote zile ulikuwa unanifundisha kitu hujui."

"Nilikuambia hivyo kila mara."

"Ulisema na mdomo," Constantino akajibu. "Uso yako ilisema ingine."

Swadiki aliipenda dhana ile, na alijua uso wake ulivyong'aa kila alipoisimulia.

Constantino alilikunja shati taratibu, mkono juu ya mkono, akampa mkewe bila kumtazama. Likazikwa. Poni akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Yei, kisha akala na watu.

Kabla mvua hazijaisha, Constantino alihamisha vitu vyake hadi Pajulu. Wakikutana sokoni humwamkia Swadiki kwa neno "Mwalimu", akapita. Darasani swali ni lile lile, nani ameona.

Kanuni ile ilimpa Poni kaburi la kulilia. Naye Swadiki ilimgharimu rafiki pekee aliyekuwa naye Awindiri.